Kiporo cha Dakika Kumi na Tano

Shangazi yangu hajawahi kuchelewa mahali popote maishani mwake. Nalisema hili mapema kwa sababu nina hasira, na mtu mwenye hasira ni vizuri atangulize jambo la kweli kabla hajaanza kupayuka. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika kituo cha hali ya hewa, kile chenye uwanja wa nyasi fupi na sanduku jeupe la mbao lililosimama kwa miguu minne. Mvua inyeshe, jua liwake, alikuwa mbele ya sanduku lile dakika tatu kabla ya saa ya kusoma vipimo. Wenzake wakamwita Bi Dakika. Ulianza utani, jina likaganda, na mpaka leo mtaani kwetu wapo wasiolijua jina lake jingine.

Mimi ni mtoto wa kaka yake. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka sita, baba akawa mtu wa safari za kikazi, shangazi akanichukua. Yeye hakujaliwa mtoto na mumewe alimwacha mjane mapema. Kwa hiyo nikisema shangazi, wewe sikia mama. Alinifundisha kusoma zebaki kwenye kipimajoto kabla sijajua kusoma gazeti. Alikuwa ananishika kidevu, ananiinua uso taratibu. "Jicho lilingane na mstari," ananiambia. "Ukitazama kwa juu unajidanganya, ukitazama kwa chini unajidanganya. Na ukishaona, andika saa kwanza, ndipo uandike kipimo. Kipimo kisicho na saa ni umbea."

Kituoni walikuwa na sheria nyingine, na hii ndiyo nataka uishike. Kipimo kikija cha ajabu, usikilaumu kifaa. Mlaumu msomaji kwanza. Kifaa kimekaguliwa, kina cheti chake ukutani, wakati wewe una usingizi, una mawazo, una mgonjwa nyumbani. Shangazi alikuwa ananisimulia sheria hiyo kwa fahari, na jinsi alivyowaliza wanagenzi kwa ajili yake. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyotaka kumzika akiwa hai.

Alipostaafu, wenzake walifuga kuku. Yeye akanunua hisa. Baba alipiga kelele sana, eti mwanamke wa umri wake anacheza kamari, na shangazi akamjibu kwamba kamari ni kutabiri bila kupima. Alianza kwa kuchukua bei za gazetini, nukta moja kwa siku, kwenye karatasi ya mraba kama zile za hesabu za shuleni. Mwaka wa kwanza hakununua kitu. Alichora tu. Mwaka wa pili akaanza kununua kidogokidogo, akauza kidogokidogo, na sitakudanganya kwamba alitajirika, lakini alipaka nyumba rangi na akaninunulia mashine ya kutoa kopi. Duka langu la kopi na kuchapa lilitoka kwenye nukta zile.

Sasa gazeti linakupa bei ya jana. Shangazi akataka bei ya leo, tena ya saa hii. Zipo programu za kompyuta zinazochora chati na kuleta bei za soko kila zinapobadilika, ila zile wanazotumia watu wa mabenki zinauzwa kwa mwezi mmoja sawa na pensheni yake ya miezi mitatu. Tuliuliza, tukacheka, tukakata simu. Ndipo mimi, mimi huyuhuyu, nikakutana na tangazo: Bei za soko laivu, mezani kwako, kwa gharama ya soda moja kwa siku. Nikamwekea. Pakatokea maandishi marefu kama wosia wa tajiri, chini yake kuna kisanduku cha kuweka alama: Nimesoma na nimekubali. Nikaweka alama. Sikusoma hata mstari. Na wewe usinitazame hivyo, kwani umewahi kusoma?

Meza yake aliiweka dirishani, chumba cha mbele. Kompyuta ya mtumba, saa ya ukutani anayoirekebisha kila asubuhi kwa mlio wa redio, na daftari la jalada gumu analolijaza kila dakika tano, lenye safu nne: saa, bei, nilichofanya, maoni. Soko likifunguliwa saa tatu asubuhi, yeye ameshanawa, ameshakunywa chai, amekaa wima. Kwenye skrini chati inajichora yenyewe, vijiti vya kijani bei ikipanda, vyekundu ikishuka, watu wa soko wanaviita mishumaa. Na pale kwenye kona ya juu, ubavuni mwa bei, kulikuwa na saa. Inatembea sekunde kwa sekunde. Siku ya kwanza kabisa aliilinganisha na saa ya ukutani, akakuta zinakwenda pamoja bila kuachana hata nukta. Akaniambia, "Hawa ni watu makini. Wameweka saa."

Miezi ya mwanzo soko lilikuwa limelala. Bei ikikaa mahali, inakaa nusu siku. Hakukuwa na tatizo. Kisha likachangamka, bei zikaanza kupanda na kushuka kwa dakika chache, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Shangazi ana wakala wa hisa, mtu mwenye ofisi na kiyoyozi, shangazi anampigia simu na kumwambia nunua au uza, na wakala anatekeleza sokoni. Asubuhi moja aliona bei ni arobaini na moja, akaandika saa nne na dakika ishirini, arobaini na moja, akapiga simu, nunua. Risiti ikaja imeandikwa arobaini na nne. Akampigia tena.

"Mama, saa nne na dakika ishirini bei ilikuwa arobaini na nne," wakala akasema. "Hapa ninaiona."

"Mimi nimeona arobaini na moja."

"Mama, labda ni miwani."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na mkoba begani, naelekea dukani. Nikamsikia shangazi anasema, "Samahani, mwanangu. Nimesoma vibaya." Maneno hayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwake tangu nimjue.

Akabadilisha miwani. Ikatokea tena. Akaiweka kompyuta juu ya vitabu viwili ili jicho lilingane na mstari. Ikatokea tena. Akaanza kunawa uso kwa maji baridi kila kabla ya kupiga simu, akaanza kusoma bei kwa sauti, mara mbili, kama mtoto anayesoma ubao. Ikatokea tena, na tena, na kila mara anamwomba radhi yule mtu wa kiyoyozi. Anauza kwa bei aliyoiona, kumbe imeshashuka. Ananunua kwa bei aliyoiona, kumbe imeshapanda. Hakuna siku aliyokilaumu kifaa. Kina saa, kinatembea sawasawa, makosa ni ya msomaji.

Lazima nikwambie kuhusu bibi, mama yao shangazi na baba. Bibi alikufa hajui jina la mtu yeyote ndani ya nyumba. Na ugonjwa wake ulianza na saa. Alikuwa anatazama saa ya ukutani anasema ni saa tano, kumbe ni saa nane, tunacheka, tunadhani anatania. Miaka minne baadaye alikuwa anamwita shangazi "wewe dada mpishi". Shangazi ndiye aliyemuuguza, akamlisha, akamwosha, akaitika "abee" kwa jina lisilo lake mpaka siku ya mwisho. Basi mtu wa namna hiyo anapoanza kutazama kitu na kuona kisichokuwepo, unadhani anawaza nini?

Hakusema. Shangazi si mtu wa kusema. Ila alianza kupungua. Aliacha kumsahihisha mtangazaji wa hali ya hewa kwenye redio, na hiyo kwake ilikuwa starehe kubwa kuliko chakula. Na mimi, kikulacho ki nguoni mwako, nikaanza kumchunga. Akitoka jikoni naingia kukagua jiko kama limezimwa. Namuuliza kwa mzaha, "Shangazi, hivi leo ni siku gani?" Ananijibu, kisha ananitazama kwa muda. Alijua kabisa ninachofanya. Nikikumbuka mtazamo ule natamani ardhi inimeze.

Wakala akampigia baba simu. Jina la baba limo kwenye fomu kama ndugu wa karibu. Eti mama huyu anabishana bei kila wiki, eti yeye ni mtu mzima, ingefaa apatikane mtu wa kumsimamia. Baba akaja na begi lake la ngozi. Baba ni meneja wa ghala mstaafu, mtu wa mihuri na nakala tatutatu, na simwiti mbaya, alikuwa na hofu kama sisi. Lakini hofu ya baba huwa inavaa tai. Alimwomba wakala orodha ya bei za soko za siku kumi na moja, dakika kwa dakika. Akachukua daftari la shangazi mbele ya macho yake, bila hata kusema nipishe, akalinganisha mstari kwa mstari kwa kalamu nyekundu.

"Hata mmoja haulingani," akasema. "Dada, hata mmoja."

Shangazi alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Nimeona," akasema.

"Mama naye ilianza hivihivi."

Yaani alilitamka hivyo, mchana kweupe, na mimi nipo. Kisha akatoa karatasi. Ilikuwa hati ya kumpa yeye mamlaka ya akaunti ya hisa ya shangazi, na ya pensheni, na maamuzi yake yote ya fedha, kwa kuwa mhusika, ninanukuu, hana tena uwezo wa kutegemea kumbukumbu na macho yake. Itasainiwa Jumapili saa tisa alasiri. Shahidi ni mimi. "Wewe ndiye unayeishi naye," baba akaniambia, "saini yako ndiyo nzito." Akanipa kila kitu, hati, daftari na orodha, nikatoe kopi tatutatu dukani kwangu. Kwa mashine iliyonunuliwa na nukta za shangazi.

Nikamtazama shangazi nikitegemea atafoka. Akasema, "Kama mmeona ni hivyo, basi ni hivyo. Msomaji huwa hajioni." Akatulia kama maji ya mtungi.

Jumamosi niliingia dukani nimevimba. Wateja wawili waliondoka bila huduma kwa jinsi nilivyowajibu. Nilichukua daftari lile nikaliweka kwenye kioo cha mashine, nikafunga, nikafungua, nikashindwa kubonyeza. Nilitaka kujua kwanza ni makosa makubwa kiasi gani ninayokwenda kuyashuhudia. Nikatoa karatasi za mraba. Nikachora siku moja kutoka kwenye daftari la shangazi kwa kalamu ya bluu, kijumba kimoja dakika tano, kama alivyonifundisha kuchora mgandamizo wa hewa nikiwa darasa la tatu. Kisha nikachora siku hiyohiyo kutoka kwenye orodha ya wakala kwa kalamu nyeusi, kwenye karatasi nyingine. Nilitegemea kuona mlima na shimo. Niliona milima miwili.

Nikazilaza karatasi zote mbili juu ya kioo, moja juu ya nyingine, nikawasha taa ya mashine ili mwanga upenye kutoka chini. Mistari miwili. Inapanda pamoja, inavunjika pamoja, kila kona ya huu ipo kwenye ule, ila haikutani. Nikaisukuma karatasi ya juu kidogo kushoto. Kijumba kimoja. Viwili. Vitatu. Bluu ikalala juu ya nyeusi yote, mwanzo mpaka mwisho, ukabaki mstari mmoja.

Vijumba vitatu vya dakika tano. Nikachora siku ya pili. Vijumba vitatu. Ya tatu, vitatu. Nikafunga mlango wa duka, nikachora siku zote kumi na moja, na zote zilikuwa vitatu, si viwili, si vinne. Nikakaa chini kwenye maboksi ya karatasi. Bibi yangu alikuwa anakosea leo saa, kesho mwaka, keshokutwa anasahau kama ana watoto. Ubongo unaochakaa haukosei dakika kumi na tano kamili kila siku ya Mungu. Shangazi alikuwa ameandika sawasawa kila alichokiona. Alichoonyeshwa ndicho kilichokuwa kimelala.

Nikapiga simu kwa kampuni ile. Nilisubiri na muziki sikioni kwa muda wa kutoa kopi ya kitabu kizima, ndipo akapokea mtu wa huduma kwa wateja, sauti laini kama losheni.

"Bei zenu zinachelewa dakika kumi na tano," nikamwambia.

"Ndiyo dada. Uko kwenye kifurushi cha Msingi. Kwenye kifurushi cha Dhahabu hazichelewi."

Hakubabaika hata kidogo. Ndiyo dada.

"Tangazo lenu linasema laivu."

"Ni laivu dada. Laivu maana yake chati inajisogeza yenyewe, hubonyezi kitu."

"Na ile saa kwenye kona? Inaonyesha saa ya sasa, ubavuni mwa bei ya dakika kumi na tano zilizopita. Imewekwa pale ya nini?"

"Ile ni saa ya kompyuta yako dada. Wateja wanaipenda. Kuhusu ucheleweshaji, tumeeleza kwenye masharti, kifungu cha thelathini na nane, na wewe umeweka alama kwamba umesoma."

Hapo nikamtolea uvivu. Nikamwambia nimeweka alama kweli, na hilo nitalibeba mwenyewe. Lakini mtu anayeuza kiporo hakiweki kwenye sahani inayofuka moshi akanyamaza. Nikamwambia mmemuuzia mama yangu mbuzi kwenye gunia, na mwaka mzima mbuzi akilia kwenye gunia mnamwambia ni masikio yake. Akanisikiliza, akasema anaelewa hisia zangu, akaniuliza kama ningependa kujaribu Dhahabu bure kwa siku saba. Nikakata, maana kilichokuwa kinakuja mdomoni si cha kumwambia mtoto wa mtu.

Wakala ndiye aliyenimaliza kabisa. Nilimpigia nikamtajia jina la programu. "Aa, kumbe anatumia ile," akasema, kama mtu aliyekumbushwa wimbo. "Wengi wa majumbani wanatumia ile. Ile inachelewa." Mwaka mzima mama wa watu anamwomba radhi, na yeye hakuuliza hata siku moja, mama, hizo bei unazitoa wapi? Ilikuwa rahisi zaidi kusema miwani. Ukiwa na mvi na huna suti, jibu la kila swali ni miwani.

Watu watasema rahisi huvunja upishi. Methali hiyo niliisikia utotoni, na huwa naona anaitamka mtu ambaye hajawahi kukosa cha ghali. Kwani shangazi alikichagua cha rahisi kwa uroho? Alilipa kilichomo uwezoni mwake, akalipa kila mwezi kwa tarehe, hakuchelewa hata siku moja. Aliyechelewa ni aliyelipwa.

Jumapili baba alifika saa tisa kasoro dakika tano. Shangazi alikuwa ameshakaa, amevaa gauni lake la kazini la zamani, la bluu lenye mifuko miwili, na kalamu mezani kwa ajili ya kusaini. Hiyo kalamu ndiyo iliyoniuma. Baba akaomba kopi. Nikamwambia sijatoa kopi, nimechora. Nikaweka karatasi ishirini na mbili mezani, nikabandika jozi moja kwenye kioo cha dirisha, jua la alasiri likapenya, nikasukuma vijumba vitatu. Nikabandika jozi ya pili, nikasukuma. Nikaeleza yote, tangazo, saa ya kwenye kona, kifungu cha thelathini na nane, wakala na miwani yake, na alama niliyoweka mimi bila kusoma.

Shangazi alisimama. Akaenda dirishani, akainama kidogo mpaka jicho likalingana na mstari, akasukuma karatasi mwenyewe, akarudisha, akasukuma tena.

"Kumi na tano," akasema. "Kila siku?"

"Kila siku, shangazi."

"Na saa wakaiweka ya kweli."

"Ya kweli kabisa."

Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa imepata makali niliyoyazoea, "Kipimajoto kikizidisha digrii mbili, nitapunguza mbili na nitakitumia miaka kumi. Lakini dakika kumi na tano zilizo mbele yangu, hizo nitapunguza wapi? Na hao watu wanalala usingizi?"

Baba hakutaka kushindwa upesi. Tabia ya ghalani, mzigo hautoki mpaka ahesabu mwenyewe. "Michoro ni michoro," akasema. "Nipe daftari lenyewe." Nikampa. Akalishika kinyume, akalifungua kwa nyuma, na kule nyuma kulikuwa na maandishi ambayo mimi sikuwa nimeyaona, kwa sababu nilikuwa nachora bei tu. Akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya mkutanoni.

"Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Jina langu. Jina la mama. Jina la kaka. Jina la mtoto. Leo Jumatatu. Nimekumbuka vyote." Akageuza macho mstari wa chini. "Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Jina langu. Jina la mama. Jina la kaka. Jina la mtoto. Leo Jumanne. Nimekumbuka vyote."

Akafunua ukurasa. Akafunua mwingine. Safu zilikuwa zimenyooka, wino uleule, kila siku, mwezi baada ya mwezi. Sauti ya mkutanoni ikawa inapungua. Mahali fulani katikati akasimama, akasoma polepole, "Leo nimechelewa kuukumbuka mwaka aliozaliwa kaka. Sekunde nane." Chini yake kesho yake, "Mwaka wa kaka nimeukumbuka mara moja. Alhamdulillahi."

Baba akavua miwani. Akabaki amekaa na daftari mapajani, akaanza kuifuta miwani kwa ncha ya tai, akaifuta, akaifuta. Mimi nilikuwa nalia na nilikuwa na hasira za kuvunja kitu, vyote kwa pamoja. Mwaka mzima, kila alfajiri, mwanamke huyu alikuwa anajikagua kama kifaa kibovu, halafu ananawa anakwenda kunywa chai na mimi, na mimi namuuliza leo ni siku gani. Na kule kwenye kampuni kuna mtu anajua, anauza, anasema ndiyo dada.

Baba akaichukua ile hati. Akaikunja mara mbili, akaikunja tena mpaka ikagoma kukunjika, akaitia mfukoni. "Dada," akasema, "nisamehe."

"Nipe daftari langu kwanza," shangazi akamjibu.

Akampa. Shangazi akakaa, akachukua ile kalamu iliyokuwa imeandaliwa kwa saini. Akafungua kule nyuma, akautafuta mstari wa mwisho. Akainua macho kwenye saa ya ukutani, ndipo akaandika. Akaandika polepole, kwa mwandiko wake wa kituoni, akapuliza wino, akalisogeza daftari katikati ya meza.

"Umeandika nini?" baba akauliza.

"Soma mwenyewe. Si wewe ndiye msomaji wa madaftari ya watu?"

Baba akavaa miwani, akainama, jicho likalingana na mstari.

"Saa tisa na dakika arobaini na mbili alasiri," akasoma. "Kifaa kina kosa. Msomaji ni mzima."

Nikageuka kutazama ukutani. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini na mbili.